Githeri Alifika Texas Kabla ya Mke Wangu

Nawasalimu kwa upendo, ndugu zangu wa hapa Haltom City, na ninyi mliotoka Garland na Arlington mapema hivi. Aliyetuamsha salama ni mwema kwetu. Mtumishi ameniambia niseme kwa ufupi. Nitajaribu, lakini mke wangu ananijua, na naona ameshaanza kutikisa kichwa. Ameketi pale safu ya tatu, mwenye kitambaa cha kijani. Haya yote ninayokuja kusema ameyasikia nyumbani na amenipa ruhusa. Majina ya watu sitayataja. Jina la mbwa nitalitaja kwa sababu yeye hatalalamika.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nilimwonea mbwa wivu. Cheka, mama, cheka. Hata mimi siku hizi nacheka. Lakini wakati ule huo wivu ulinikalia tumboni kama mtu amekula ugali usioiva.

Nilikuja nchi hii nikiwa kapera, kwa ile bahati nasibu ya grini kadi. Nikapata kazi kwenye godauni la mizigo pale uwanja wa ndege, nikakodi chumba Euless pamoja na vijana wawili, Mkisii mmoja na Mkongo mmoja. Nilipojipanga kidogo nikarudi Machakos, nikaoa kanisani, tukakaa na mke wangu likizo yangu yote, halafu nikarudi kazini peke yangu. Nikapeleka maombi ya kumleta. Wakanijibu: tumeyapokea, ngoja foleni. Wengi wenu mnaijua hiyo foleni. Mtu mwenye grini kadi akimwombea mke, ni miaka. Mtoto wetu wa kike alizaliwa mimi nikiwa juu ya foklifti nashusha maboksi. Nilienda kumwona mara moja akiwa bado anatambaa. Nilipomnyanyua alilia mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Basi nikawa baba wa simu. Kila Jumapili nanunua kadi, nakwangua namba, napiga. Mke wangu anamwekea mtoto simu sikioni, mimi nasema, "Ni baba," na upande ule nasikia tu pumzi.

Wakati huo nilikuwa nakuja kwenye ushirika huu. Nilikuwa nakaa nyuma kabisa, karibu na meza ya chai. Na mnajua mambo yetu: kila mara kuna mtu anasimama kushukuru. Leo huyu bibi yake amepata viza. Mwezi ujao yule mama yake mzazi ametua. Sisi tunapiga makofi. Mimi pia napiga, tena kwa nguvu kuliko wengine, ili mtu asinione uso. Ndani nasema: kwa nini yeye? Alikuja juzi! Hata hajui barabara! Nikitoka hapa naendesha gari mpaka Euless bila redio, nikihesabu makosa ya yule aliyebarikiwa. Lazima nilikuwa nayapata, kwa sababu nilikuwa nayatafuta.

Sasa ngoja niwaambie juu ya mbwa.

Siku moja kazini kukaja kreti ya mbwa kutoka kwa ndege ya Ulaya. Vijana wa shifti yangu wakataka kumbadilishia maji, mbwa akarudi nyuma kabisa, akaonyesha meno. Hakuna aliyetaka kutia mkono. Supavaiza akasoma karatasi iliyobandikwa juu, akaniita, "Wewe, huyu anatoka kwenu. Zungumza naye."

Nikadhani ananidhihaki. Nikasogea nikasoma. Nairobi! Jamani, Nairobi kabisa. Nikainama nikamwambia vile unavyomwambia mbwa wa kibandani, "Wewe! Unafanya nini huko? Kuja hapa!"

Masikio yakasimama. Mkia ukaanza kupiga ukuta wa kreti, pu, pu, pu. Akatambaa mpaka mlangoni, akanilamba vidole. Ni yule mbwa wetu wa kawaida, mnamjua, wa rangi rangi, mweupe hapa, wa kahawia pale, ana madoa meusi. Mgongoni alikuwa na kovu kubwa lisilo na manyoya. Na jina lake limeandikwa juu: Githeri. Ninyi Watanzania mnasema makande. Mtu aliyempa jina hilo alikuwa na macho.

Mwenyewe alikuwa anamngoja upande wa wateja. Mama Mzungu, mwembamba, nywele nyeupe, mwalimu mstaafu. Ameshika puto, na bango limeandikwa kwa rangi: KARIBU NYUMBANI. Nikamtolea kreti, akapiga magoti kwenye saruji akalia. Akanieleza kwamba alikuwa amejitolea kufundisha shule moja Kawangware. Mbwa huyo alikuwa analala karibu na kibanda cha chakula, mtu akammwagia maji moto mgongoni. Yeye akambeba kwa daktari, akamtunza mpaka akapona, na alipomaliza muda wake akashindwa kumwacha.

Nikamuuliza, "Karatasi zake zilichukua muda gani?"

Akafikiri kidogo. "Wiki chache. Chanjo, cheti cha daktari, tiketi. Walinisumbua sana."

Wiki chache, ndugu zangu! Na walimsumbua sana! Mimi nikatazama lile puto, nikatazama lile bango. Hakuna mtu aliyenishikia bango mimi nilipotua. Nikamtazama huyo mbwa aliyekuwa akinilamba mkono dakika hiyo hiyo, nikamchukia.

Supavaiza wangu, kwa kunisaidia, akampa yule mama namba yangu ya simu. Haikupita wiki, simu ikalia. Mbwa hali. Amejificha chini ya kitanda, akiambiwa kwa Kiingereza anatetemeka. "Tafadhali, unaweza kuja kuzungumza naye?" Nilitaka kusema nina kazi. Lakini amezungumza kama mama mzazi mwenye mgonjwa, na mimi nimelelewa vizuri. Jumamosi nikaenda, kwake Bedford, si mbali.

Nikapiga magoti chumbani kwa mtu, nikaita chini ya kitanda, "Githeri, toka. Toka tule." Akatoka. Nikakaa naye pale jikoni nikimsemesha maneno ya ovyo ovyo, habari za mvua, habari za barabara, na yeye anakula. Yule mama akachukua kalamu akawa anaandika: kaa, njoo, lala, twende. Akabandika kwenye friji. Aliniambia nimwite kwa jina lake. Mimi nimwite mwanamke wa rika la mama yangu kwa jina lake? Nikamwita Mama, akapokea.

Nikawa naenda kila Jumamosi. Msinisifu. Nilienda kama mtu anayekwaruza kidonda. Nilikuwa naingia nyumba ile naona kitanda cha mbwa, blanketi la mbwa, picha za mbwa ukutani, daktari wa mbwa ameandikwa kwenye kalenda. Mtoto wangu wakati huo ana homa Machakos, mke wangu amembeba mgongoni anatafuta dawa. Narudi Euless sina hata hamu ya kula. Mkongo wangu ananiuliza, "Kaka, uko na nini?" Namjibu, "Niko sawa."

Jumapili moja nikamwambia mke wangu kwenye simu. Nilidhani tutacheka pamoja. Dakika za kadi zikawa zinakatika tu. Halafu akasema, "Kwa hivyo mbwa wa Kawangware yuko Texas, na mimi niko hapa."



Akauliza, "Na huyo mama unayemtembelea kila Jumamosi, ana umri gani?"

"Ni mzee! Ana nywele nyeupe!"

"Wazungu wote wana nywele nyeupe."

Mnaona? Nilikuwa na wivu wangu, sasa na yeye ana wake, na simu kati yetu. Tukagombana vibaya. Jumapili iliyofuata sikupiga. Nyingine pia sikupiga. Nikajiambia, nikipiga nitasema nini, foleni imesonga? Haijasonga. Hapa ushirikani nikaacha kuja. Kuna mzee wetu mmoja, yuko humu ndani, alipiga simu mara nyingi, nikawa naiacha ilie. Nikakonda. Kazini nikaangusha mzigo, nikapewa onyo. Ndivyo nilivyoanguka, ndugu zangu. Hapakuwa na pombe wala mwanamke. Nilikuwa nakaa tu kwenye kochi nikitazama vile wengine wanavyopewa.

Aliyeuliza swali alikuwa yule mama. Tulikuwa tumeketi varanda yake, mbwa kati yetu. Akasema, "Zamani ulikuwa unanisimulia habari za mke wako. Siku hizi humtaji."

Nikadanganya kwamba ni mzima.

Akanitazama vile mwalimu anavyomtazama mwanafunzi asiyefanya kazi ya nyumbani. "Umekaa nchi hii muda gani?" Nikamwambia. "Basi umefikisha muda wa kuomba uraia. Raia akimwombea mke, hapangi foleni ile ndefu. Kwa nini hujaomba?"

Nawaambia ukweli, nilikuwa najua. Vijana wa kazini walishaniambia. Lakini mtu mwenye wivu huwa amechoka, hana nguvu ya kufanya jambo lake kwa sababu nguvu zote amezimaliza kwa mambo ya watu. Nikamwambia, "Mtihani ni mgumu." Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha chai na miwani yake ya kusomea.

Kuanzia hapo kila Jumamosi kulikuwa na wanafunzi wawili kwenye varanda ile. Mbwa anafundishwa Kiingereza, mimi nafundishwa bunge na mahakama. Mbwa akijibu vizuri anapewa biskuti. Mimi nikijibu vizuri napewa biskuti, lakini za watu. Na hata hapo, mbwa aliyaelewa yake kabla sijaelewa yangu, nikamwonea wivu tena!

Siku ya mahojiano yeye ndiye aliyenipeleka kwa gari lake mpaka Dallas. Nikapita. Nikarudi mpaka kwake, akanipa simu ya nyumba yake, akasema, "Piga. Sasa hivi. Mimi nitalipa."

Mke wangu akapokea. Nikamwambia. Akalia, akasema, "Nilidhani umetusahau." Nikamwomba msamaha pale pale, Mama wa watu anasikiliza bila kuelewa neno. Halafu mke wangu akasema, "Nipe huyo mwenye nywele nyeupe nimsikie."

Nikampa simu. Yule mama akajinyoosha, akatafuta Kiswahili chake chote alichonacho, na Kiswahili chake chote mnakijua kilibandikwa wapi. Akasema, "Mama! Njoo! Njoo! Kaa! Twende!"

Upande wa pili nikasikia mke wangu anacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu harusi.

Karatasi zikaanza kwenda. Lakini kabla mke wangu na mtoto hawajafika, yule mama alianguka jikoni kwake akavunjika nyonga. Mwanawe akaja kutoka Houston kumchukua akaishi naye, na jengo lao halikubali mbwa. Nilimkuta hospitalini. Akanishika mkono akasema, "Sina mwingine wa kumwachia. Asipokuja kwako atapelekwa kule wanakofungia mbwa wasio na watu." Mimi nilikuwa nimeshapanga nyumba ya chumba kimoja kwa ajili ya mke na mtoto. Mtu wa kwetu kulala ndani na mbwa! Lakini ningemkatalia vipi? Nikatia sahihi kwa daktari wa mbwa, na kuanzia siku hiyo, kwa sheria za Texas, Githeri akawa wangu.

Siku ikafika, wakaja. Nilisimama pale uwanja wa ndege na bango langu, ndiyo, nilitengeneza bango. Mke wangu akanikumbatia. Mtoto alikuwa ameshakuwa msichana wa kwenda shule, amesukwa nywele, amejificha nyuma ya sketi ya mama yake. Nikachuchumaa. Mama yake akamwambia, "Msalimie baba." Akanipa mkono kama mtu anayemsalimia chifu.

Tukafika nyumbani. Nilikuwa nimemfungia mbwa bafuni nikijua mtoto ataogopa. Akasikia sauti zao, Kiswahili, Kikamba, akaanza kulia kule ndani na kukwaruza mlango. Mtoto akauliza, "Nani huyo?" Nikafungua. Githeri akatoka mbio, akasimama mbele yake, akalala chali miguu juu. Mtoto akamtazama, akasema, "Huyu ni wa kwetu!" Akakaa chini kwenye zulia akamshika shingo.

Mimi nilikuwa sijashikwa shingo.

Ndugu zangu, wivu ambao nilidhani nimeuacha ukarudi, tena mkubwa kuliko wa kwanza. Wakati ule nilikuwa namwonea mbwa wivu kwa sababu ya karatasi. Sasa ilikuwa kwa sababu ya mwanangu. Nikirudi kazini, mtoto ananiambia, "Shikamoo," macho chini, halafu anaenda kwa mbwa. Nikamnunulia baiskeli. Akasema asante, akaenda kumwonyesha mbwa. Usingizi ukimchukua, amelala kwenye zulia, mkono juu ya mbwa. Asubuhi nasikia anamsimulia ndoto yake kwa sauti ya chini. Nikiingia ananyamaza. Ananyamaza! Ndani ya nyumba niliyoingoja miaka yote ile, mimi ndiye mgeni, na mwenye nyumba ni Githeri.

Nikavumilia mpaka nikashindwa. Nikamwambia mke wangu, "Kuna familia Garland wana uwanja mkubwa, wamekubali kumchukua. Jumamosi nampeleka."

Akaacha kukata vitunguu. "Umemwambia mtoto?"

"Atazoea."

"Baba Fulani," akaniita kwa jina la mtoto, "unamfukuza mbwa kwa kosa gani?"

Nikasema ni mambo ya nyumba kuwa ndogo. Hakubishana. Akarudi kwa vitunguu vyake.

Jumamosi nikamfungua mbwa, nikampakia kiti cha nyuma. Mtoto akaja na ndala zake, akaingia naye, hakuomba ruhusa. Hakulia wala hakuniuliza lolote. Nikashika barabara ya kwenda Dallas. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, nimeandaa maneno yangu yote. Badala yake nikasikia sauti ndogo nyuma yangu, anamwambia mbwa sikioni. Alikuwa haongei na mimi. Nadhani alisahau kwamba naelewa.

Akasema, "Usiogope. Ukifika huko utakuwa unanipigia simu. Siku ya Jumapili. Mimi nitakaa karibu na simu, sitaenda kucheza. Na wakiacha kukupa simu mimi nitangoja tu. Halafu nikiwa mkubwa kidogo utakuja."

Nilikuwa Irving. Nikatoka barabara kuu, nikaingia kituo cha petroli, nikazima gari. Sikuweza kuona vizuri.

Nikamuuliza bila kugeuka, "Ulikuwa unakaa karibu na simu?"

Akajibu, "Ndiyo."

"Hata wakati ule sikupiga?"

"Ndiyo. Mama alisema umeenda mbali kazini. Mimi nilikaa."

Ndugu zangu, miaka ile yote nilidhani upande ule wa simu hakuna mtu. Nilikuwa nasikia pumzi tu. Kumbe alikuwepo mtu anayenijua, ana siku yake ya kuningoja, na alikuwa ananingoja hata nilipokuwa kwenye kochi nikihesabu baraka za wengine. Nililia pale mbele ya pampu ya petroli. Mtoto akaogopa. Akanyoosha mkono katikati ya viti, akaniwekea begani, kidogo tu, vile unavyomgusa mbwa ambaye hujui kama anauma. Akaniuliza, "Baba, tunarudi?"

Tukarudi. Mke wangu alikuwa amesimama dirishani. Alipotuona watatu akaongeza unga kwenye sufuria.

Haikuwa muujiza wa siku moja, msidanganyike. Lakini nilibadilisha shifti, na jioni nikawa naenda nao, mtoto na mbwa, kuzunguka maegesho ya magari pale kwetu. Mwanzo alikuwa anaongea na mbwa na mimi nasikiliza. Baadaye akawa anaongea na mbwa lakini ananitazama mimi. Sasa hivi ananiambia mambo mengi mpaka mama yake analalamika kwamba haambiwi. Huo ni wivu mwingine, atautolea ushuhuda yeye mwenyewe.

Mwezi uliopita tulienda Houston. Yule mama anatembea kwa fimbo. Mke wangu alikuwa amepika chapati tangu alfajiri, akamkabidhi, wakashikana mikono kwa muda mrefu bila lugha ya kutosha. Mbwa akaweka kichwa mapajani kwake, na mimi nikamtazama nikasikia moyo wangu umetulia.

Nataka kushukuru. Namshukuru mama huyo, aliyenifungulia mlango wake kila Jumamosi hata bila kujua nimeingia na uso wa namna gani. Nawashukuru Mkisii na Mkongo wangu, waliokuwa wananiwekea chakula kwenye jiko nikiwa sitaki kula. Yule mzee aliyekuwa anapiga simu, asante, baba. Nilikuwa naiona namba yako. Na mke wangu, aliyemwambia mtoto kwamba niko mbali kazini wakati angeweza kusema lolote lile.

Fundisho langu ni dogo. Wivu ulinifanya niwatazame sana waliofika, nikaacha kuwatazama wanaoningoja. Kila mmoja wetu humu ana mtu anayemngoja mahali fulani, awe Mombasa au Bukavu, au awe chumba cha pili ndani ya nyumba yake. Mtafute leo.

Na najua humu ndani yuko mtu ambaye foleni yake bado, na amenisikiliza asubuhi hii akiona uchungu. Ndugu yangu, dada yangu, sikulaumu. Tukimaliza ibada njoo nilipo, uniambie vile unavyonionea wivu, kwa maneno yako, bila kuyapamba. Sitakukimbiza kwenye maombi. Nitakaa na wewe mpaka umalize.